Kupe kwenye Feni Namba Mbili

9 Machi

Kwa mpwa wangu msomi,

Salamu zako nilizipata kwa mdomo wa mama yako, na nimezipokea hivyo hivyo zilivyochoka njiani. Sisi ni wazima. Goti la dada yangu, yaani mama yako, limepungua uvimbe, sasa anapanda ngazi bila kutukana. Mwanangu mkubwa amepata mtoto wa pili, wa kike. Wote wanalalamika kwamba ana kilio kikali. Mimi nilishinda naye Jumapili nzima sikuona kero yoyote, lakini vijana wa siku hizi hata mtoto akikohoa wanamwita daktari. Mke wangu bado anashona magunia kinuni, mahali pake pale pale, hatua tano kutoka feni namba mbili, ile kubwa inayovuta vumbi la unga. Mgongo unamsumbua. Nikimwambia abadilishe kiti au mahali, hataki.

Sasa tuje kwenye upuuzi wenu.

Jumanne walikuja vijana wawili wa kampuni yako, mashati meupe, ndani ya kinu cha unga. Nusu saa tu walikuwa kama mandazi yanayosubiri mafuta. Wakabandika vidude vya sumaku kwenye mashine zangu, kila kimoja ukubwa wa kizibo cha chupa. Mke wangu kavipa jina: kupe. Meneja akatukusanya, akatangaza kwamba kupe hao wanasikia mtetemo wa mashine na kuutuma mpaka kwenye kompyuta ya huko uliko, na kwamba wewe, mtoto niliyekufuta kamasi kwa mkono huu, ndiye utakayetuambia mashine ipi inaumwa. Halafu akasema mwisho wa mwaka itajulikana kama kinu bado kinahitaji mtu wa kusikiliza kwa bisibisi. Alikuwa ananitazama mimi.

Miaka thelathini na moja naweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini wake sikioni. Beringi ikianza kuumwa mimi najua kabla yenyewe haijajua. Jina la Bwana Sikio sikulinunua dukani. Na leo nisubiri kuambiwa habari za feni yangu na mtu aliyekaa kwenye kiti kinachozunguka, safari ya siku nzima kutoka hapa, ambaye hajawahi kukanyaga kinu hiki tangu aajiriwe. Haya, tutaona.

Na acha kunipigia simu. Simu ni ya watu wasiojua wanachotaka kusema. Mwenye neno huliandika.

Mjomba wako.


28 Machi

Mjomba, shikamoo.

Hongera kwa mjukuu. Huku tuko salama. Mwanangu amepoteza meno mawili ya mbele kwa wiki moja na anajivunia pengo kuliko anavyojivunia matokeo ya hesabu. Nimehamia ghorofa ya tatu, chumba kina dirisha linaloangalia ukuta wa jirani, lakini maji yanapanda. Mpe mkeo pole ya mgongo.

Nilikupigia mara sita. Simu inaita mpaka inakata. Sawa, nitaandika, kama tuko enzi za mababu.

Mjomba, hilo bisibisi ni la skrubu. Mashine ikizunguka, kila kitu ndani yake kinasema kwa wakati mmoja: mkanda, shafti, beringi, mota. Wewe unasikia soko zima. Kompyuta inamtoa kila mmoja nje na kumsikiliza peke yake. Inahesabu mtetemo huu unarudi mara ngapi kwa sekunde, na kila kasoro ina hesabu yake. Hakuna kubahatisha, hakuna "moyo wangu unaniambia". Nimesikia mafundi wa aina yako kwenye viwanda vingi. Wanagonga mashine kwa nyundo, kisha wanajijibu wenyewe.

Feni namba mbili inatetema mara mia kwa sekunde, mfululizo. Hesabu hiyo inafuata umeme, kwa hiyo shida iko kwenye mota. Nimemwandikia meneja asimamishe kazi na kuifungua. Tafadhali usimzuie mtu.

Mpwa wako.


19 Aprili

Mpwa wangu, bingwa wa hesabu,

Marahaba. Nimeona nianze na afya yako, maana baada ya habari hii huenda ikatetereka. Sisi tumekaa vizuri, tumecheka vizuri, tumelala vizuri.

Mota imefunguliwa. Siku mbili kinu kimelala, wanawake wa magunia wamekaa barazani bila ujira, lori tisa zimesubiri nje. Mafundi wanne wameitoa mota yote matumbo. Unajua walichokuta? Mota. Nzima, safi, kama sahani iliyooshwa. Waliirudisha, na meneja akapita mbele yangu akiangalia viatu vyake.

Sasa nikufundishe bure. Wale vijana wako walibandika kupe kwenye bati la kinga, lile jembamba linalofunika mikanda. Bati lile linatikisika lenyewe tangu lilipofungwa, kila mtu hapa anajua, hata paka wa ghala halilalii. Umesikiliza bati siku ishirini na ukaandika ripoti ya kurasa nane kuhusu mota. Debe tupu haliachi kuvuma, na wewe ukalipigia chapa na sahihi.

Utaniuliza kama niliona. Niliona siku ile ile. Hakuna aliyeniuliza.

Nyumbani hakuna jipya. Birika la mke wangu limekufa, lile linalopiga mluzi maji yakichemka. Sasa linachemka kimya mpaka linakauka, tumeunguza mawili, hilo na jipya. Na wale ndege waliokuwa wakitusumbua dirishani asubuhi wamehama. Vitu vya siku hizi havidumu, na ndege nao hawana shukrani.

Mjomba wako, mtu wa bisibisi.


6 Mei

Mjomba, shikamoo.

Mama anasema goti limerudia. Mtoto ana homa kidogo lakini anakula. Hizo ndizo habari za nyumbani, sina moyo wa kuzirefusha.

Kwa hiyo uliona. Uliona kupe yuko pabaya, ukanyamaza wiki tatu, ukaacha lori tisa zisimame na wanawake wakose ujira wao, mkeo akiwa mmoja wao, ili tu ucheke. Nilidhani nina mjomba fundi. Kumbe nina mjomba mtazamaji. Ulinifundisha kushika spana nikiwa na miaka saba, na sikumbuki siku hiyo uliniambia kwamba kazi ya fundi ni kusubiri mwenzake ajikwae.

Kupe aliwekwa pabaya, hilo ni kosa la vijana, na wameshaonywa. Sasa fanya jambo moja tu. Kwangua rangi na grisi kwenye nyumba ya beringi, kile chuma kizito kilichoshika shafti upande wa feni. Mbandike kupe hapo, chuma kwa chuma. Ni kazi ya dakika kumi. Nimemwambia meneja wewe ndiye utakayeifanya kwa sababu wewe ndiye unayeijua mashine. Usinifanye mwongo.

Nimekuambia mara ngapi na hutaki. Sikio la kufa halisikii dawa, Mjomba.

Mpwa wako.


24 Juni

Mpwa,

Barua yako niliipata mapema, ila nilikuwa na kazi. Wengine tunafanya kazi. Goti la mama yako nimelipelekea dawa ya kuchua. Mjukuu ameota jino.

Hiyo methali uliyoniandikia mwishoni, nimeisoma mara nyingi. Nilidhani utaomba radhi. Wiki saba, kimya.

Kupe nimemhamisha juzi. Nimekwangua rangi, nimebandika chuma kwa chuma kama ulivyoamuru, mheshimiwa. Lakini usifikiri ni kwa ajili ya barua yako. Ni mke wangu. Ameanza kujifanya fundi siku hizi, eti sakafu inamtekenya nyayo, eti feni inalia. Kaniambia mara tatu. Mara ya tatu nilimwambia ashone magunia, feni aniachie mimi. Akashona, na siku mbili hakunipakulia chakula mwenyewe. Basi nikamhamisha kupe ili pawe na amani nyumbani.

Mimi mwenyewe nimeisikiliza kwa bisibisi, asubuhi na mchana. Feni inaimba vizuri, laini, kama siku ilipofungwa. Hakuna kilio chochote. Nimemwambia meneja hivyo, na ameandika.

Watu wa siku hizi waoga sana. Wiki iliyopita kengele ya moto iliharibika, ikawaka taa yake nyekundu karibu saa nzima. Kinu kizima kilitoka nje mbio, wengine wameziba masikio, wakasimama uani kama kuku walionyeshewa. Mimi niliendelea kukaza boliti zangu. Ilibidi mke wangu arudi ndani kunivuta mkono. Nilimwambia moto ningeuona. Wote wakanitazama vibaya, kana kwamba kutoogopa ni kosa.

Basi. Angalia grafu zako, na ukiona bati lolote nijulishe.

Mjomba wako.


8 Julai, saa tatu asubuhi

Mjomba, shikamoo.

Sote wazima. Barua hii nimempa kondakta wa basi mkononi, utaipata leo jioni. Isome umekaa.

Feni namba mbili inakufa. Safari hii si bati. Shafti inazunguka mara kumi na tano kwa sekunde, na kila mzunguko mmoja kuna kitu kinagonga mara tano na kidogo. Hiyo ni hesabu ya pete ya ndani ya beringi ile yenye gololi tisa. Pete imepasuka, kila gololi inapopita juu ya ufa inagonga. Tangu umhamishe kupe, kishindo hicho kimepanda mara nne. Kishindo cha mwanzo kingeweza kusubiri. Hiki hakisubiri. Beringi ikikwama, shafti itaruka na panga za feni zitatoka kupitia bati lile lile jembamba. Na hatua tano kutoka pale kuna mtu anashona magunia.

Umeandika kwamba inaimba laini. Nilikasirika, nikasema mzee huyu ni mkaidi mpaka ataua mtu. Nikachukua barua zako zote nizisome tena, ili nitafute maneno makali ya kukurudishia. Nikazisoma kama ninavyosoma mashine.

Mtoto ana kilio kikali, wewe hukuona kero. Birika halipigi mluzi. Ndege wamehama. Kengele ya moto, ukaniambia rangi ya taa yake, hukuniambia sauti yake. Simu inaita mpaka inakata.

Mjomba, tangu lini?

Nakuandikia jambo la kazi tu, mengine sijui niyaandikeje. Beringi inapoanza kuumwa hulalamika kwa sauti nyembamba sana. Nene huja mwishoni, imebaki siku chache. Na sikio la binadamu lililokaa na mashine miaka thelathini hupoteza hizo nyembamba kwanza. Kwa hiyo hukudanganya. Umeweka bisibisi sikioni na kweli hukusikia kitu. Kitu kilikuwepo.

Na mimi nina langu. Vijana walinitumia picha ya kupe kabla hawajaondoka kinuni. Nilimwona yuko kwenye bati. Nilijua bati linaweza kudanganya. Ningesema wamtoe, ningelazimika kuja mwenyewe nionyeshe mahali, na sikutaka kuja. Sikutaka nikukute umesimama pale na bisibisi lako, unanicheka mbele za watu. Nikasema inatosha. Kisha nikawaonya wao. Ile methali pia, nilikuwa nimekasirika, sikujua ninamwandikia nani. Nisamehe.

Ijumaa saa nne asubuhi nitampigia meneja. Nitamwambia habari ya pete, na atanijibu kwamba Bwana Sikio ameandika feni ni nzima, na itabidi nimweleze kwa nini asikuamini. Sitaki kuyasema hayo. Leo ni Jumatano. Una kesho nzima. Izime mwenyewe, kwa mkono wako, na useme umeizima kwa sababu unazozijua.

Ila ukiipata tu barua hii, kabla ya yote, mtoe mkeo pale.

Mpwa wako.


21 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua ilifika na kondakta akadai soda, nikampa. Nafurahi mtoto wako amepona. Mama yako anakusalimia, nimemsomea sehemu za barua zinazosomeka.

Una maneno mengi. Kurasa tatu kuniambia kitu cha mstari mmoja. Na mwandiko wako bado ni ule wa darasa la pili.

Usiku ule sikumwambia mtu. Alhamisi niliingia kinuni kabla ya zamu, nikachukua bisibisi, nikaliweka kwenye nyumba ya beringi. Laini kabisa. Miaka mitatu sasa kila kitu ni laini. Nilidhani nimekuwa fundi bora, kwamba mashine zangu hazisumbui tena. Hivyo ndivyo nilivyojiambia mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili nilijua.

Mke wangu alijua kabla yangu. Unamwona mtu anaumwa mgongo na hataki kuhama pale penye vumbi na kelele, unasema ni ubishi. Pale ndipo ninapomwona nikiwa popote kati ya mashine. Mtu akiniita kwa nyuma, yeye huinua sindano. Mkanda ukipiga kelele, huinyoosha upande wa mkanda. Miaka mitatu watu wanamsifu Bwana Sikio, na sikio lenyewe limekaa kwenye kigoda linashona magunia. Hatukuwahi kulizungumza. Halafu siku anaponiambia kwa kinywa chake kwamba feni inalia, mara tatu, namwambia ashone.

Nilimdharau mtu mmoja aliyekuwa ananisikilizia. Wewe kukudharau ni haki yangu, nimekulea. Yeye hapana.

Saa mbili alipokuja kukaa nilibeba kigoda chake nikakipeleka nje. Akaniuliza kuna nini, nikamwambia kaa huko. Kisha nikaenda kwenye feni namba mbili, nikabonyeza kitufe chekundu mwenyewe. Wote wakageuka, nadhani kwa sababu ya ukimya. Mimi sikujua kama imesimama. Nilisimama nikiutazama mkanda, mpaka nikaweza kusoma maandishi yaliyochapwa mgongoni mwake.

Tuliifungua mbele ya meneja. Pete ya ndani ina ufa unaoingia ukucha, na kipande kama punje ya mahindi kilikuwa kimeshang'oka, kiko ndani ya grisi. Nakutumia kwenye bahasha hii. Usikipoteze, na usiwaringie watu ofisini. Hesabu yako ya mara tano na kidogo ilikuwa sawa. Nimeandika mara moja tu, usingoje nirudie.

Meneja aliniuliza nilijuaje. Ulinipa nafasi ya kusema nimesikia. Nilifungua kinywa ili niseme hivyo, Mungu ananiona. Kisha nikamwona mke wangu amesimama mlangoni na kigoda chake. Nikamwambia meneja sikusikia kitu, mpwa wangu ndiye aliyesikia, na mke wangu kabla yake, na mimi masikio yangu yameisha. Alikaa kimya muda mrefu, au labda alisema, alikuwa ameinama. Mwisho aliinua uso akasema nitafute mtu mmoja nimwonyeshe mahali pa kubandika kupe kwenye mashine zote, maana hapa hakuna mwingine anayejua bati lipi ni la uongo. Baada ya hapo ataona. Mimi pia nitaona.

Uliwatupia lawama vijana wa mashati meupe, na mimi nilikuacha ujikwae. Tumelingana kwa ubaya, tuliache hapo. Niliacha ukosee kwa sababu ukikosea mimi nabaki. Sina maneno mengine ya kulipamba hilo.

Sasa njoo. Umekaa mno kwenye hicho kiti. Kinu kina mashine kumi na moja na kupe wako saba wamebandikwa kijinga. Mlete na huyo mwenye pengo, nimwonyeshe spana. Usinipigie simu kunijulisha, andika tarehe, nitakuwa kituoni tangu asubuhi. Na ukishuka kwenye basi ukaniona nimekupa mgongo, usiniite. Zunguka, uje mbele yangu.

Mjomba wako.